Maswali na Majibu: Maji Moto ya Karlovy Vary Hayanywewi Kama Soda

Tangu nilipoandika kuhusu Karlovy Vary, mji wa chemchemi za maji moto magharibi mwa Ucheki, maswali hayajakatika. Naanza na lile linalogusa uhai wa mtu.

Mama yangu ana kisukari na tumbo linamsumbua. Nikimpeleka huko akanywa yale maji, ataacha vidonge? (Msomaji, Morogoro)

Hataacha. Jamani, swali hili nimeshalijibu na bado linarudi kila wiki kwa maneno mapya, kwa hiyo mara hii lisomeni polepole. Dawa aliyoandikiwa mama hospitalini haiachwi kwa sababu ya maji, yatoke chemchemi yoyote ile.

Maji yale si maji matupu. Kila lita ina takribani gramu 6 za madini, pamoja na gesi ya kaboni, na baadhi ya chumvi zake ni za kuendesha tumbo. Ndiyo maana daktari wa palepale ndiye anayekupangia unywe chemchemi ipi, kiasi gani na saa ngapi. Kwa kawaida hunywewa asubuhi kabla ya kula, funda kwa funda, huku unatembea. Mwenye presha au figo mbovu akibugia kikombe juu ya kikombe bila kupimwa, anajitafutia balaa.

Na wenyeji wenyewe walijifunza kwa maumivu. Zamani tiba ilikuwa kulowa tu. Mgonjwa aliketi majini saa nyingi, hata 10 kwa siku, mpaka ngozi inachanika, na watu wakaamini kwamba ugonjwa unatoka mwilini kupitia hivyo vidonda. Mwaka 1522 daktari Václav Payer akatoa kitabu akishauri maji yanywewe pia. Wakahamia kwenye kunywa, nako wakapitiliza: makumi ya vikombe kwa siku moja! Aliyekuja kurudisha kipimo ni daktari David Becher (1725–1792). Yeye alisema mtu anywe kiasi, anywee pale pale maji yanapotoka, na atembee. Hizo baraza ndefu zenye nguzo mnazoziona kwenye picha zilijengwa ili mgonjwa atembee na kikombe chake bila kunyeshewa. Ile ya Mlýnská, iliyosanifiwa na mbunifu wa majengo Josef Zítek na kukamilika mwaka 1881, ina nguzo 124. Watu wanapiga picha mbele yake bila kujua kwamba ni sehemu ya dawa.

Ni kweli mji uligunduliwa na mbwa?

Hadithi inasema Mfalme Charles IV alikuwa akiwinda, mbwa wake akatumbukia kwenye maji moto na kupiga kelele. Naipenda, lakini ni hadithi. Kilicho na maandishi ni kwamba tarehe 14 Agosti 1370 mfalme huyo aliupa mji haki zake.

Karlsbad na Karlovy Vary ni miji miwili?

Ni mji mmoja: la kwanza ni jina la Kijerumani, la pili la Kicheki.

Ila msiishie kwenye jina. Kwa karne nyingi wakazi wengi wa pale walizungumza Kijerumani, na baada ya Vita Kuu ya Pili karibu wote walifukuzwa, wakaacha nyumba zao na makaburi ya wazazi wao. Utatajiwa wageni maarufu: mwandishi Goethe aliyefika mara 13, mtunzi wa muziki Beethoven mwaka 1812, Karl Marx katika miaka ya 1870. Halafu simulizi inaruka 1945 kana kwamba mwaka huo haukuwapo. Ukipata mtu wa kukutembeza, muulize. Mji unaojivunia historia yake uieleze yote.

Naweza kuogelea kwenye Vřídlo?

Usithubutu! Hiyo ndiyo chemchemi kubwa kuliko zote, joto lake ni nyuzi 73, inaruka hadi mita 12 na kutoa kama lita 2,000 kwa dakika. Maji yake hupozwa kwanza ndipo mtu aoge.

Kwa nini wanasema kuna "chemchemi ya 13"?

Hiyo ni Becherovka, pombe ya mitishamba yenye nguvu ya asilimia 38, inayotengenezwa mjini humo tangu 1807. Ni utani tu: wanaihesabu juu ya zile chemchemi za maji. Msiotumia pombe mjue kabla hamjapewa glasi kwa jina la dawa.

Niende Bath ya Uingereza au Karlovy Vary?

Yote miwili imo katika miji 11 ya maji moto ya Ulaya iliyoingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2021. Pale Bath, bwawa la Warumi ni la kutazama, huogi. Kwa kunywa, nenda Karlovy Vary.

Nina siku moja tu nikitoka Prague. Inatosha?

Kuona, inatosha. Kutoka mji mkuu huo ni kama saa mbili kwa basi. Kutibiwa, haitoshi hata kidogo. Wagonjwa wa zamani walikaa wiki tatu.

Lakini fika mapema, kabla ya mabasi ya watalii. Mimi nilikuta wazee barazani saa moja asubuhi, kila mmoja na kikombe bapa cha kaure ambacho mkono wake una tundu ndani. Maji hunyonywa kupitia huo mkono ili yasiguse sana meno. Bibi mmoja alipiga funda, akatembea hadi nguzo ya mwisho, akageuka, akapiga jingine. Funda langu la kwanza lilikuwa la moto, la chumvi, lenye ladha ya chuma iliyokaa muda mrefu ulimini.

Ukitaka zawadi, tafuta waridi la jiwe. Ni ua la karatasi tu, lililowekwa kwenye maji ya Vřídlo siku kadhaa mpaka madini yakaligandia na kuligeuza rangi ya kutu. Lishike, ndipo utajua ndani ya kile kikombe mna nini. Kisha lizungushie nguo nzito kabla ya kulitia kwenye begi, maana petali zake huvunjika upesi.