Maswali ya Jikoni: Pilau ya Krismasi na Githeri ya Kila Siku

Krismasi iliyopita nilipika pilau ya kilo 2 za pishori kwenye gesi. Juu ilikuwa bokoboko, chini ukoko mweusi, na rangi haikukolea ingawa nilimimina pakiti nzima ya pilau masala. Nilikosea wapi?
*Mama wa watoto wawili, Umoja*

Mama, rangi ya pilau haitoki kwenye pakiti, inatoka kwenye vitunguu. Kwa kila kilo ya mchele, katakata vitunguu vyekundu vikubwa 5 vilingane unene, uvikaange kwa mafuta ya kutosha, karibu kikombe kimoja kasoro robo. Usibanie mafuta. Moto uwe wa wastani, na uvumilie dakika 15 hadi 20, mpaka viwe kahawia iliyokolea. Wengi hutoa vikiwa dhahabu, ndiyo maana pilau hupauka. Ukivuka hadi weusi, itakuwa chungu. Hapo tia kitunguu saumu na tangawizi, halafu nyama uliyokwisha kuichemsha hadi ikalainika, kisha bizari nzima vijiko 2 vya chakula, iliki 8, karafuu 6, mdalasini vijiti 2 na pilipili manga kijiko cha chai. Nyanya isizidi moja. Ukijaza nyanya, huo ni wali wa nyanya, si pilau.

Bokoboko ni kosa la maji. Pishori iliyolowekwa dakika 30 na kuchujwa hutosheka na kikombe kimoja na nusu cha supu kwa kikombe kimoja cha mchele. Pima supu ya nyama kwa kikombe kilekile, usikadirie kwa kidole. Mchele uliovunwa karibuni hutaka maji pungufu kidogo. Na pishori iliyochanganywa na mchele mwingine haiivi kwa pamoja: punje hizi zimepasuka, zile bado ngumu. Nunua kwa muuzaji unayemwamini, uinuse kwanza. Pishori halisi hunukia hata ikiwa mbichi.

Mchele ukishaingia, koroga mara moja tu. Maji yakikaribia kukauka, weka mwiko kando, maana punje zikivunjika hutoa wanga na kugandamana.

Ukoko mweusi ni kwa sababu moto wa gesi hupiga katikati ya sufuria. Weka kikaango cha chapati chini ya sufuria, funika kwa foili kisha mfuniko, upunguze moto kabisa kwa dakika 20. Zima, uache dakika 10 bila kufunua. Kwa kilo 2, afadhali sufuria mbili kuliko moja iliyojaa hadi mdomoni.

Githeri yangu humaliza gesi na maharagwe bado magumu. Nitie magadi?
*Msomaji, Kasarani*

Magadi hulainisha, lakini huharibu vitamini B1 na kuacha ladha ya sabuni. Loweka mahindi makavu na maharagwe usiku kucha, mwaga maji hayo, uchemshe kwa maji mapya. Nairobi iko juu sana, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, kwa hiyo jamaa zako wa Mombasa wataivisha mapema kukushinda. Sufuria ya presha huondoa tatizo hilo: dakika 45 hadi saa moja. Nyanya zingoje hadi maharagwe yalainike, kwa kuwa asidi yake hukaza maganda. Maharagwe yaliyokaa ghalani miaka miwili, hata hivyo, hayana dawa.