Nilidanganya hospitalini kwa ajili ya kakangu

Dada, umeuliza kama mabango na mikutano ya serikali kuhusu unyanyapaa yana faida yoyote, maana mdogo wako anaugua akili, anakunywa, na mama amekataa apelekwe hospitali majirani wasije wakajua. Nikueleze yaliyotupata sisi hapa Kaptembwo, Nakuru.

Sisi tulimwona kakangu mlevi wa chang'aa tu. Kumbe sauti alizozisikia kichwani zilitangulia, pombe akaifuata ili zinyamaze. Baba alimnyima chakula, mchungaji akamkemea pepo, watoto wa ploti wakamwita chizi.

Mwaka 2021 alijaribu kujitoa uhai. Daktari aliponiuliza kilichotokea, nilisema ni ajali. Mjomba alikuwa amenionya njiani kwamba nikisema kweli polisi wataitwa, na hakukosea: Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kililifanya jaribio hilo kosa la jinai, jela hadi miaka 2. Basi akatibiwa mwili, akarudi nyumbani bila mtu kumuuliza habari za zile sauti. Miezi minane ikapotea hivyo, na uongo ulikuwa wangu.

Ndiyo maana mabango hayanigusi sana. Serikali ilitwambia kwa kipaza sauti tusione haya, huku sheria yake ikimwita mgonjwa mhalifu. Kilichonigusa ni sheria ya afya ya akili kurekebishwa mwaka 2022, mgonjwa akapewa haki ya bima kama wengine. Halafu Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu akasema kifungu hicho cha 226 kinakiuka Katiba. Nilimsomea kakangu habari hiyo simuni. Akanyamaza kitambo, kisha akauliza, "Kwa hiyo mimi si mhalifu?"

Aliyemfikisha kliniki ni mhudumu wa afya ya jamii, mama wa mtaani kwetu, aliyekuja kumpima mama presha. Alimsalimia kakangu kwa jina, akaketi naye. Sasa huchomwa sindano kila mwezi, na benchi analokalia akingojea ni lile lile la watu wa presha na sukari. Hakuna ajuaye nani amefuata nini. Dawa hukosekana wakati mwingine tukanunua, jambo linaloniudhi mno. Pombe ameirudia mara mbili. Hatukumfukuza.

Wewe mpeleke, na umweleze daktari yote mawili, sauti na pombe, siku hiyo hiyo. Ukificha moja, atatibiwa nusu. Wala msimfungie ndani ili aache pombe ghafla. Anayekunywa sana kila siku anaweza kushikwa na degedege akafa. Kwa habari za uraibu, NACADA, shirika la serikali la kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wana simu ya bure, 1192.

Na mama usimwache nyumbani. Mwambie anakwenda kupimwa presha, kisha akae kwenye benchi hilo na mwanawe.