Gamba Jeupe Juu ya Udongo wa Asumini

Juzi msomaji mmoja wa Malindi aliniletea picha ya chungu cha mrehani ambacho udongo wake umevaa weupe, akaniuliza kama ni kijicho cha jirani. Nilicheka, kisha nikanyamaza, kwa kuwa weupe huohuo uliniulia asumini tano katika uwanja wa ndani wa nyumba yetu hapa Lamu.

Nilikuwa nikizinywesha maji ya kisima chetu, ambayo yana munyu hata chai yake haipendezi. Gamba lilipotanda na ncha za majani zikakauka kama zilizobabuliwa na moto, muuza miche niliyemwamini alinieleza kwamba udongo una njaa, akaniuzia mbolea ya chumvichumvi. Jina lenyewe lingetosha kunizindua! Nilitia chumvi juu ya chumvi kwa mwezi mzima, na sijamsamehe hadi leo.

Jua na upepo wa kaskazi huyachukua maji yakawa mvuke, lakini chumvi haipandi nayo. Hubaki juu ya udongo, kama inavyobaki katika mabwawa ya chumvi kule Gongoni, kaskazini mwa Malindi. Ndiyo maana kuzidisha maji yaleyale ya kisima ni kuzidisha maradhi.

Nilipoanza upya, nilikwangua tabaka la juu kiasi cha unene wa kidole, nikatia udongo mpya, kisha nikamimina polepole maji ya mvua niliyoyakinga wakati wa masika, hadi yakatoka kwa wingi kwenye tundu la chini ya chungu, nikarudia mara tatu. Maji ya kisahani yamwagwe, ndugu zangu, kwa sababu mmea ukiachiwa huyanywa tena pamoja na chumvi yake. Mwezi uliopita asumini zangu zilitoa maua ya vikuba, vile vishada vya maua wanavyovaa wanawake, vya harusi nzima ya mpwa wangu, na wale waliosema sina mkono wa maua walikuja kuomba vipandikizi. Niliwapa, ingawa si wote waliostahili.

Nawe wa Malindi, chukua kipande cha weupe huo ukitie katika kikombe cha maji. Kikiyeyuka, ni chumvi. Kikiwa laini kama pamba na kisiyeyuke, ni ukungu unaokula majani yaliyooza, ambao kwa kawaida hauudhuru mmea: uondoe, usogeze chungu penye mwanga, na usimwagilie tena mpaka udongo wa juu ukauke.