Maswali Yenu: Wote Wawili Walitaja Takwimu Sahihi, Nani Alitudanganya?

SWALI

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Arua. Majuzi tulikusanyika kwa jirani mwenye runinga kutazama mdahalo wa wagombea wa ubunge. Mmoja alisema umaskini nchini Uganda umepungua kuanzia 2012/13 hadi 2023/24; mwenzake akasema maskini wameongezeka katika muda huohuo, na kila mmoja aliapa kwamba takwimu zake ni za UBOS, yaani Ofisi ya Takwimu ya Uganda. Mwongozaji alicheka tu, akasema tutarejea baada ya matangazo. Naomba kujua ni nani alitudanganya, na kama mdahalo wa namna hii una faida yoyote iwapo hakuna wa kumkatiza mwongo.

Mwalimu, Arua

JIBU

Mwalimu, huenda jibu likakukera, lakini kwa hayo uliyotuandikia hakuna aliyetaja takwimu ya uongo. Uchunguzi wa kaya wa UBOS wa 2012/13 uliwaweka asilimia 19.7 ya Waganda chini ya mstari wa umaskini, na ule wa 2023/24 ukawaweka asilimia 16.1. Mgombea wa kwanza alishika asilimia hizo. Kati ya chunguzi hizo mbili, hata hivyo, nchi imejaa watu: sensa ya 2014 ilihesabu watu milioni 34.6, na ya 2024 ikahesabu milioni 45.9. Fungu dogo la umati mkubwa laweza kuwa na vichwa vingi kuliko fungu kubwa la umati mdogo, na ndivyo ilivyotokea, kwani maskini waliokuwa kama milioni 6.7 sasa wanakaribia milioni 7. Mgombea wa pili alihesabu vichwa. Kila mmoja aliwaonyesha upande uliomfaa akaufunika wa pili, na huo ndio udanganyifu mgumu zaidi kuukamata, kwa sababu ukimshtaki mtu wa namna hiyo atakufungulia kitabu cha UBOS na kukuonyesha ukurasa.

Mwongozaji wenu alikuwa na swali la maneno matatu tu, «Asilimia au idadi?», lakini akapisha tangazo.

Kuhusu kumkatiza mwongo, Wamarekani wamejaribu njia zote mbili katika mwaka mmoja. Katika mdahalo wa Biden na Trump uliofanyika Atlanta tarehe 27 Juni 2024, waongozaji waliuliza na kulinda muda, bila kusahihisha walichokisikia. Tarehe 10 Septemba, Trump alipokutana na Harris huko Philadelphia na kudai kwamba wahamiaji katika mji wa Springfield walikuwa wakila mbwa na paka wa wenyeji, mwongozaji alimjibu papo hapo kwamba uongozi wa mji huo haukuwa na taarifa ya kuaminika kuhusu jambo hilo. Mimi naunga mkono njia ya pili, ingawa ina mpaka wake: inafaa kwa uongo wa wazi ambao simu moja kwa ofisi ya mji inatosha kuukanusha, lakini haiwezi kitu mbele ya nusu-kweli kama zile mlizozisikia, ambazo huhitaji swali la pili na la tatu.

Na maswali hayo yanahitaji muda. Mdahalo wa kwanza wa wagombea wa urais hapa Uganda, uliofanyika Kampala tarehe 15 Januari 2016, ulitokea katika uchaguzi wenye wagombea wanane. Rais Museveni hakufika siku hiyo. Alifika kwenye ule wa pili, tarehe 13 Februari, siku tano kabla ya kura. Chukua saa mbili uzigawe kwa watu wanane: kila mmoja anapata dakika 15, kabla hata hujatoa muda wa maswali na salamu. Katika dakika hizo mtu anaweza kutaja shule, hospitali, barabara na rushwa bila kulazimika kueleza hata moja. Ningependa mada mbili kwa usiku mzima, watu wachoke kuzisikia. (Wanaokumbuka ebimeeza, ile mijadala ya redio iliyorushwa kutoka kwenye baa hadi serikali ilipoipiga marufuku mwaka 2009, watakubali kwamba ilikuwa na kelele nyingi, lakini msemaji aliyetaja bei isiyo ya kweli alijibiwa na mtu aliyetoka kununua bidhaa hiyo.)

Liko jambo jingine ambalo hukulitaja, nami naliona zito kuliko takwimu. Mgombea ubunge anaposimama mbele ya kamera na kuahidi kwamba atapandisha mishahara ya walimu, mwulize kuhusu Ibara ya 93 ya Katiba. Ibara hiyo inalizuia Bunge kushughulikia muswada wa kutoza kodi au wa kuongeza mzigo kwenye Mfuko Mkuu wa Hazina, isipokuwa umeletwa kwa niaba ya serikali. Mbunge anaweza kushawishi, kuhoji mawaziri na kuibana bajeti katika kamati, na hayo si madogo. Lakini anayesema «nitawaongezea mshahara» anaahidi kwa mkono wa mtu mwingine. Sijamsikia mwongozaji yeyote akiuliza, «Utapitia mlango gani?»

Faida ya mdahalo ipo, ila hupatikana zaidi kesho yake. Andikeni ahadi na takwimu mlizozisikia, pamoja na jina la aliyezitamka. Zinazohusu shule au zahanati ya wilaya yenu, ombeni kumbukumbu zake kwa kutumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2005, ambayo inaipa ofisi ya umma siku 21 kuwajibu. Na kwa kuwa wagombea wenu wote wawili wanaipenda UBOS, wakija kuomba kura hapo Arua waulizeni swali moja: kati ya hao karibu milioni 7, ni wangapi wanaishi katika eneo lenu la West Nile?