Sabuni ya kutengeneza nyumbani kwa mtoto mchanga

Dada, umeuliza kama sabuni uliyotengeneza mwenyewe kwa mafuta ya nazi inamfaa mwanao wa miezi miwili. Kwa sasa mimi ningeiweka kando. Hata ikitengenezwa kwa vipimo sahihi, sabuni ya kostiki soda (kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni) hubaki na pH, yaani kipimo cha uasidi au ualkali, ya 9 hadi 10, ilhali ngozi hutaka karibu 5.5, na ya mtoto ni nyembamba, hukauka upesi. Mafuta ya nazi yakizidi ndiyo hukausha zaidi. Maji ya uvuguvugu na kitambaa laini vinamtosha. Fungua mikunjo ya shingo taratibu, maana maziwa hujificha humo, kisha mkaushe. Akikua, jaribu kidogo kipande cha sabuni hiyo kilichokaa wiki 6 tangu kitengenezwe, kisicho na manukato. Ukiona wekundu, acha mara moja. Usipoisha, mpeleke kwa daktari.