Mama ana valvu ya chuma na anameza warfarin: hilo kopo la vitamini lisifunguliwe

Usimpe. Na kama ameshaanza, usimpokonye kabla hujasoma mpaka chini, maana kuacha ghafla nako kuna balaa lake.

Umeandika kwamba mamako ana valvu ya chuma moyoni, pale kwenye mitrali (mlango wa upande wa kushoto wa moyo), anameza warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, kila jioni, na muuzaji wa Mwembe Tayari, Mombasa, amempa kopo la multivitamini la vidonge 30, vitamini E ya yuniti 400 na unga wa mlonge "arudishe nguvu". Kosa hilo tulilifanya kwetu, ndiyo maana sina subira ya kukusalimia.

Ini hutumia vitamini K kutengeneza protini zinazogandisha damu. Warfarin huizuia vitamini K hiyo isirudi kutumika, damu ikachelewa kuganda, na valvu ya chuma ikasalimika na donge. Sasa geuza kopo usome maandishi madogo ya mgongoni. Utakuta K1, K2, MK-7, au neno refu "phytonadione". Yote hayo ni vitamini K. Kopo moja lina mikrogramu 25 kwa kidonge, jengine 80, na mwanamke mzima mahitaji yake ya siku nzima ni kama 90. Yaani mnamwekea mama dawa na kipingamizi chake katika sahani moja.

Hapo INR itashuka; INR ni kipimo cha damu inavyochelewa kuganda: ikishuka damu inaganda upesi, ikipanda sana inavuja. Na huko kushuka ni nusu ya shari tu. Fuata hesabu. Mwenye valvu ya chuma ya mitrali kwa kawaida hutakiwa INR kati ya 2.5 na 3.5. Anaanza kopo, INR inateremka, tuseme 1.7. Kliniki hawajaambiwa habari ya vitamini, kwa hivyo daktari anafanya lililo sawa kwa anachokijua: anapandisha warfarin. Wiki mbili mbele INR imetulia, kila mtu kafurahi. Kisha kidonge cha 30 kinaisha, na mwezi huo pesa za kopo jengine hakuna. Vitamini K imekatika, warfarin iko vile vile juu. Hakuna anayeshtuka, kwa sababu hakuna dawa "iliyobadilishwa". Siku chache baadaye INR inapita 5, fizi zinavuja damu akipiga mswaki, mkojo unakuwa rangi ya chai kavu, choo cheusi kama lami. Kichwa kikimuuma ghafla kwa nguvu, hapo ni hospitali saa hiyo hiyo, si kesho asubuhi.

Kwa hivyo shika neno moja: hakuna kidonge wala unga unaoanzwa au kuachwa bila kliniki kujua na INR kupimwa ndani ya wiki. Kwa nini wiki? Warfarin na zile protini za damu huchukua siku kadhaa kufikia kiwango kipya. Ukipima kesho yake utaona namba nzuri na itakudanganya.

Kama amemeza siku mbili tatu na dozi ya warfarin haijaguswa, aache, kliniki waambiwe, kisha INR wiki hiyo. Kama amemeza wiki kadhaa na dozi imepandishwa katikati, asiache kwa amri yako wewe. Nenda naye kliniki na kopo lenyewe mkononi, si jina lake kwa kukumbuka, ili wapange pamoja kuacha na kushusha dozi.

Usiku nyumba ikitulia, kaa karibu naye usikilize. Valvu ya chuma hugonga, tik tik, kama saa ya mkononi. Jizoeze sauti yake. Siku ikififia au ikipotea, naye pumzi zinambana, huenda donge limeishika. Mkimbize hospitali.

Hawa wanaosema "ni vitamini tu, haidhuru" wananichoma roho. Mtu anauza kopo bila kuuliza swali moja: mama anameza dawa gani? Swali hilo halina gharama. Na ile vitamini E muuzaji aliyoitaja kuwa ya moyo ilishapimwa. Utafiti wa HOPE uliotoka mwaka 2000 uliwapa wenye hatari ya moyo yuniti hizo hizo 400 kila siku, na haikuzuia mshtuko wa moyo wala kiharusi. Walipoendelea kufuatiliwa, ripoti ya 2005 ikaonyesha kuwa waliokuwa wakiimeza walipata moyo kushindwa kazi zaidi ya wenzao. Juu ya hayo, vitamini E ya kiwango kikubwa pamoja na warfarin huongeza hatari ya kuvuja damu. Kopo moja linavuta huku, jengine kule, na mama yuko katikati.

Mlonge ni majani ya kijani, una vitamini K, na kijiko cha leo si sawa na cha kesho. Kama hajauanza, msiuanze; kama ameshauzoea, auache kwa mpango ule ule wa kliniki.

Lakini msimnyime mchicha! Wengi wakisikia haya hukata mboga zote, INR ikaruka juu. Mchicha wa nazi, kisamvu, sukuma, ale kiasi kile kile wiki hadi wiki, na warfarin ipimwe juu ya chakula chake.

Uchovu wake usiutibu kwa kubahatisha. Omba apimwe damu, maana huenda ni upungufu wa madini ya chuma mwilini. Kama anameza furosemide, dawa ya kutoa maji kwa mkojo, kwa muda mrefu, muulize daktari kuhusu vitamini B1, kwa sababu dawa hiyo huitoa kwenye mkojo. Na kama yumo kwenye enalapril au spironolakitoni, dawa za moyo na presha, madafu yapunguzwe, yana potasiamu nyingi na dawa hizo huizuia isitoke.

Kesho weka makopo yote na ule unga kwenye mfuko mmoja, pamoja na kadi yake ya INR. Andika kwa kalamu juu ya kila kifuniko tarehe aliyoanza, na kama hajaanza, andika hivyo.