Usimwandikie Rafiki "Reconvene"

Juzi msomaji mmoja ameniuliza kama anaweza kumwandikia rafiki waliyepotezana siku nyingi kwamba anatamani "to reconvene with you", akimaanisha kukutana naye tena. Nilimjibu palepale kuwa hapana, ila jibu fupi halitoshi. Kitenzi hiki nakifahamu vizuri.

Kazi yangu ni kuandika mihtasari ya vikao, na najivunia. Zamani niliandika "The committee will reconvene at 2 p.m." Mkuu mmoja akalikata neno kwa kalamu nyekundu mbele ya wajumbe, akaweka "meet again", akasema najifanya mjuzi. Mpaka leo linaniuma, kwa sababu sentensi yangu ilikuwa sahihi. Kamati ilikuwa imeketi, ikaenda mapumziko, na wajumbe walewale walikuwa wanarudi kumalizia ajenda zilezile. "Meet again" si kosa, lakini msomaji anaweza kudhani ni kikao kingine kabisa.

Siri yake ndiyo hiyo: lazima kuwe na kikao kilichositishwa, nacho kinarejea. Neno lina asili ya Kilatini, "convenire", yaani kuja pamoja, na "re-" mbele yake tayari inasema "tena". Kwa hiyo ukiandika "reconvene again" umesema tena mara mbili. Futa "again".

Kumbuka Januari 6, 2021. Bunge la Marekani lilivamiwa, wabunge na maseneta wakaondolewa ukumbini, na usiku uleule wakarudi kumaliza kuhesabu kura za wajumbe wanaomchagua rais. Hapo "Congress reconvened" inakaa barabara. "Reunited" isingefaa, hiyo ni ya mama na mwana waliotenganishwa, au bendi iliyovunjika ikaungana. "Resume", yaani kuendelea na kilichokatizwa, nayo hufuata shughuli: mjadala, kazi, safari.

Mwenyekiti pia anaweza "reconvene the meeting", akiwaita watu warudi vitini. Mahakama na mabunge hukitumia vivyo hivyo. Mkazo uweke kwenye silabi ya mwisho, uivute.

Ndugu zangu mnaotaka Kiingereza cha ofisini kiwakae, acheni kuokota neno kwa sababu linasikika kubwa. Jiulize: waliketi? Walisitisha? Wanarudi? Likikosekana moja, tafuta kitenzi kingine. Na ukiwa na hakika, usikubali kalamu ya mtu ikutishe; mwombe afungue kamusi.

Rafiki yako mwandikie "I hope we can meet again soon". Kama mnataka kupiga soga na kupeana habari, "let's catch up" inatosha kabisa.